Kozi Aliyelazwa Stoo

Mafuta ya kujikinga na jua yana harufu isiyofanana na ya mafuta mengine. Yana unazi kidogo, yana uwaridi kidogo, na chini yake kuna kitu kama plastiki iliyoachwa juani. Wiki iliyopita, kwenye foleni ya duka la dawa, mama mmoja wa Kizungu aliyekuwa mbele yangu alifungua kichupa akanusa kabla ya kulipa, na mimi, mtu mzima mwenye watoto wawili, nikashindwa kumjibu mwenye duka aliponiuliza nataka nini. Nilikuwa nimerudi Ukunda ya utotoni mwangu. Nilikuwa nimekaa kwenye baraza la Bi Mwanasiti, kitabu cha katuni mapajani, nikijaribu kuelewa kwa nini mtu mwenye nguvu za kunyanyua lori anaona haya kuonyesha uso wake.

Wanaonijua huicheka rafu yangu ya vitabu. Imejaa mashujaa wa katuni, wenye vinyago na mabawa na nguo za kubana, na wageni wakija hudhani ni ya watoto. Wakijua ni yangu huuliza nilianzaje. Huwa nawajibu kwamba nilikulia karibu na hoteli, nao huridhika. Ni kweli, lakini si kweli yote, na hiyo iliyobaki mpaka leo sina hakika kama nimeielewa.

Mama alikuwa akisafisha vyumba katika hoteli moja ya Diani. Tulitoka Kitui nikiwa na miaka mitano, mimi na yeye, na Baba akabaki nyuma akiangalia shamba, au ndivyo nilivyoambiwa. Tulipanga chumba kimoja katika nyumba ya Bi Mwanasiti, mwendo mfupi kutoka Kona ya Musa, pale Ukunda. Ilikuwa nyumba ya makuti, yenye ukumbi katikati na vyumba pande mbili, na uani palikuwa na stoo ya mabati mlimowekwa nazi, majembe na kuni za siku za mvua. Bi Mwanasiti alikuwa Mdigo, mjane, mpole wa sauti na mkali wa macho. Aliishi na mwanawe mmoja, Hamisi, kijana wa miaka ishirini na kitu, aliyeshinda ufukweni akiwatafutia wageni mashua za kwenda Shimoni kutazama pomboo.

Wageni walipoondoka waliacha vitu vyumbani, na vile ambavyo hoteli haikuvitaka Mama aliruhusiwa kuja navyo: vipande vya sabuni, soksi zilizopoteza wenzake, chupa za mafuta zilizobaki robo, na vitabu vya katuni vya watoto wao. Vitabu alivitaka vya kuwashia jiko. Cha kwanza kilikuwa kimelowa maji ya bwawa la kuogelea, hakikushika moto, akanitupia. "Chezea hiyo," akasema. Nilikianika kwenye kamba ya nguo. Kilipokauka kurasa zilikuwa zimejikunja kama majani ya mgomba, zinanuka mafuta ya jua, na ndani yake alikuwamo yeye.

Alivaa suti ya kijivu iliyombana mwili mzima, nguo ndefu ikipepea mgongoni kama leso kwenye kamba, na usoni kinyago cheusi chenye mdomo wa ndege. Maneno yote yalikuwa ya Kijerumani. Nilikuwa nimeanza kujua kusoma, nikayajaribu kwa sauti, herufi kwa herufi, yakakataa kuwa kitu chochote. Basi nikasoma picha.

Picha nazo zilinichanganya. Palikuwa na mtu mwembamba mwenye miwani, fundi wa saa mwenye duka lake. Kila lilipotokea balaa mjini, jengo kuungua au benki kuvunjwa, fundi saa alitazama kushoto na kulia, akaingia stoo ya duka lake, akafunga mlango. Picha iliyofuata, mlangoni alitoka mtu wa kinyago. Leo mtoto yeyote ataniambia kwamba ni mtu mmoja. Mimi sikuwa na wa kuniambia. Nilielewa kwamba fundi saa ni mwoga, na kwamba ndani ya stoo yake anamfuga mtu mwenye nguvu, anampa chakula na mahali pa kulala, na siku ya balaa anamfungulia. Sikuona ajabu yoyote. Bi Mwanasiti naye alifuga paka stoo kwa ajili ya panya.

Hamisi alijua Kijerumani. Nilikuwa nikimsikia barabarani akizungumza na wageni, akicheka nao, akiwaita kwa majina. Alasiri moja aliporudi mapema nilimpelekea kitabu.

"Kaka Hamisi, nisomee hizi maneno."

"Maneno haya," akanisahihisha. Kiswahili changu cha bara alikinyoosha kila siku, bila kuchoka na bila kunicheka.

"Nisomee maneno haya."

Alikishika kitabu, akakitazama kitambo, akafungua ukurasa wa kwanza. "Huyu anaitwa Kozi," akasema. "Unamjua kozi? Yule ndege anayenyakua vifaranga vya Mama."

"Amekuja kufanya nini?"

"Ngoja basi. Usinikimbize."

Tangu siku hiyo tulisoma karibu kila alasiri, kidole chake kikifuata mistari. Kozi alikuwa na mkwe asiyempenda. Kozi alipenda mahamri kwa mbaazi, na akiruka angani akiwa ameshiba huteremka upandeupande. Ukurasa uleule aliousoma Jumatatu, ikifika Alhamisi ulisema jambo jingine kabisa, nami nikaamini kwamba Kijerumani ndivyo kilivyo, maneno yake hayatulii. Miaka mingi baadaye ndipo nilipofahamu kwamba Hamisi alisoma chuo cha Kurani kwa maalimu na madarasa mawili matatu ya shule. Kijerumani alikiokota kwa masikio. Kukisoma hakujua hata neno.

Siku moja alirudi akaniambia, "Nimemwona Kozi pale Kona ya Musa, ananunua sukari. Amekusalimu."

"Kwani anakaa wapi?"

Akatazama kushoto, akatazama kulia, sawasawa na fundi saa. "Usimwambie mtu," akanong'ona. "Namlaza stoo."

Niliamini papo hapo, kwa sababu ndivyo picha zilivyosema. Nilikwenda kuchungulia kwenye tundu la bati nikaona giza na macho ya paka. Nikaacha nusu ya hamri juu ya gunia la nazi. Asubuhi yake halikuwapo. Kwa muda wa miezi kadhaa nilimlisha Kozi kwa njia hiyo, na Hamisi aliniletea shukrani zake, wakati mwingine na malalamiko kwamba hamri la jana lilikuwa kavu.

Alinishonea pia kinyago, kutoka buibui la mamake lililochakaa, na mdomo wake akautengeneza kwa kadibodi. Tulikificha stoo maana Mama angekichoma. Mama alikuwa mtu wa kanisa na katuni hakuzipenda. "Mtu akifunika uso ana kitu anaficha," aliniambia. "Wacha hizo vitu, Mwende."

Kisha ikaja miezi ambayo watu wazima waliacha kumaliza sentensi. Mama na Bi Mwanasiti walikuwa wakizungumza, nikitokea wanaanza kuzungumzia bei ya unga. Vibanda vya watu wa bara vilichomwa na watu waliofunika nyuso, jambo nililolijua baadaye. Karatasi zilibandikwa zikisema watu wa bara warudi kwao. Shuleni deski langu, tulilokuwa tukikaa wanne, nikabaki mimi na mwenzangu mmoja. Nilimuuliza Mama kama sisi ni watu wa bara. Akasema sisi ni watu wa Mungu. Nilimuuliza Hamisi, naye akaniambia bara ni mahali tu, kama vile uani ni mahali, halafu akatoka akaenda kuchanja kuni ambazo zilikuwa zimeshachanjwa.

Bi Mwanasiti alitutoa katika chumba chetu akatuingiza chumbani kwake. "Mama Mwende, hapa ni kwangu," alimwambia Mama. "Atakayekuja ataanza na mimi." Akafungua kasha, akatoa buibui na ushungi. "Kesho utakwenda kazini na hili."

Mama alilishika kama mtu aliyepewa mtoto wa mtu mwingine, asijue amshike wapi. Asubuhi alilivaa. Bi Mwanasiti akamfunga ushungi mpaka yakabaki macho. Hamisi alitangulia hatua kumi mbele kwa njia ya vichochoro, Mama akafuata, na jioni wakarudi vivyo hivyo. Walifanya hivyo kila siku ya kazi. Mimi niliona macho ya Mama ndani ya nguo nyeusi nikamkumbusha alichosema kuhusu wanaofunika nyuso. Akaniambia niende nikaoshe vyombo.

Kitu kilichonisumbua kuliko vyote ni kwamba balaa lilikuwa limeshafika na stoo haijafunguliwa.

"Mbona humfungulii?" nilimuuliza Hamisi.

"Nani?"

"Kozi."

Alikuwa amechoka siku hiyo. "Ana homa," akasema, na hakutabasamu.

Askari walifika asubuhi moja, jua limeshapanda, Mama akiwa kazini. Walikuja kwa malori. Waliwakalisha vijana wa mtaa chini, barabarani, mikono kichwani, wakaingia nyumba kwa nyumba. Mmoja aliingia uani kwetu akamkuta Bi Mwanasiti anakuna nazi. Alimuuliza maswali, naye akajibu machache. Kisha akaniona mimi.

"Wewe ni mtoto wa hapa?"

"Sisi tumepanga hapa."

"Unaitwa nani?"

Niliposema Mwende uso wake ulibadilika, akanisalimia kwa Kikamba. Nilikuwa sijasikia Kikamba kwa mwanamume tangu tuondoke Kitui, na kilinifanya nitake kumkalia mapajani. Akachuchumaa. Akatoa biskuti mfukoni, ngumu kama kigae, akanipa. Akaniambia nisiogope, wamekuja kutulinda sisi.

"Hebu niambie. Umewahi kuona hapa mtu anayefunika uso?"

Maishani mwangu sikuwahi kuulizwa swali nililolijua vizuri namna ile. Shuleni walituuliza hesabu. Hapa nilikuwa nimeulizwa juu ya Kozi.

"Ndiyo," nikasema. "Anaitwa Kozi. Ana nguvu sana. Kaka Hamisi anamlaza stoo." Na ili wasimwone mvivu nikaongeza kwamba alikuwa na homa, ndiyo maana bado hajatoka kuja kuwasaidia.

Aliandika kwenye kijitabu. Akaniuliza kama ni Kozi kwa herufi ya zedi, nami nikaitikia kwa kichwa, nikifurahi kwamba anajua kuandika jina lake. Bi Mwanasiti alikuwa ameacha kukuna.

Walivunja mlango wa stoo ijapokuwa haukuwa na kufuli. Walitoa nazi, majembe, panga la kuchanjia kuni, na kinyago changu. Mdomo wa kadibodi ulikuwa umebanduka, kikabaki kitambaa cheusi chenye matundu mawili. Nilisema, "Hicho ni changu," na hakuna aliyesikia, au walisikia. Hamisi waliingia naye kutoka barabarani, tayari amefungwa. Alikiona kinyago mkononi mwa askari. Kisha akanitazama mimi, mara moja tu, na kwa akili yangu ya wakati ule nilidhani ananiomba nimfungulie Kozi.

Lori lilipoondoka nilikimbilia stoo. Niliita. Niliita kwa sauti ya kawaida, kisha kwa sauti ya juu, nikamwambia Kozi atoke hata kama ana homa, wamemchukua Hamisi. Paka alitoka. Nilipogeuka Bi Mwanasiti alikuwa amesimama mlangoni, mikono yake imejaa nazi iliyokunwa. Siku hiyo alinilisha wali wa nazi kama siku nyingine, na mpaka leo sielewi aliwezaje.

Mama sikumwambia. Sikujua ni nini hasa cha kumwambia. Askari alinipa biskuti na akamchukua Hamisi. Hamisi alikuwa akimfikisha Mama kazini, na amefungwa. Nilirudi kwenye vitabu vyangu kutafuta jibu nikaona kwamba mle ndani pia wabaya wanapiga watu, na Kozi anapiga watu, na ukiondoa rangi ya nguo huwezi kujua nani ni nani.

Kila siku Bi Mwanasiti alipeleka chakula kituoni, na siku nyingi alirudi nacho. Juma la pili Mama alivua buibui, akavaa sare yake ya hoteli iliyopigwa pasi, akaongozana naye. "Waniangalie vizuri," nilimsikia akisema mlangoni. "Waone ni mtu wa bara anasema." Alikwenda tena, na tena. Alisimama mbele yao akaeleza kwamba huyu waliyemfunga ndiye aliyemlinda, na waandike hivyo. Sijui kama ni maneno yake yaliyomtoa Hamisi au walichoka tu.

Alirudi alasiri moja, amekonda, mkono wa kulia umefungwa kitambaa. Vidole viwili havikuweza kunyooka. Akakaa barazani, hakwenda ufukweni, na hata angekwenda wageni hawakuwapo. Hoteli ilikuwa imefunga nusu ya vyumba vyake na Mama alikuwa ameambiwa asubiri nyumbani mpaka aitwe. Hakuitwa. Akaanza kufunga vitu vyetu kwenda Kitui.

Siku mbili kabla ya safari nilimfuata Hamisi barazani.

"Kaka Hamisi. Ni mimi niliyemwambia yule askari."

"Ulimwambia nini?"

"Kwamba Kozi analala stoo."

Alitazama barabara. "Najua," akasema.

"Nani alikwambia?"

"Walianza kuniuliza siku ya kwanza. Kozi ni nani. Kozi yuko wapi. Kozi ana watu wangapi." Alizungumza taratibu, kama alivyokuwa akinisomea. "Jina hilo nililitunga mimi, Mwende, hapahapa tulipokaa. Kitabuni halimo. Na nilikuwa nimemwambia mtu mmoja tu."

"Sasa wewe uliwajibu nini?"

"Kwamba simjui."

"Siku zote?"

"Siku zote."

"Mbona hukuwaambia yumo kwenye katuni?"

"Wangeniuliza katuni ni ya nani. Wangerudi kuja kukuuliza wewe, na mama yako." Akauweka mkono uliofungwa juu ya goti. "Yameisha. Nenda ukacheze."

Nilikuwa na miaka minane, na nitasema kilichonipitia moyoni kwa sababu hakuna mwingine anayekijua. Nilikasirika. Kutunga jina nilielewa kuwa ni kumpa mtu jina, kama mtoto anavyopewa. Nilichosikia ni kwamba Hamisi aliulizwa juu ya rafiki yake, tena mgonjwa, tena siku nyingi, na kila siku akamkana. Nikamwona mwoga kama fundi saa. Nilikusanya vitabu vyangu barazani na sikusema naye tena.

Nikiwa sekondari, Kitui, mwenzangu mmoja alikuja na katuni ya Kiingereza. Ilikuwa ya shujaa mwingine, lakini kwa mara ya kwanza maneno yalikaa mahali pake. Nilifika ukurasa ambao mtu wa kawaida, asiye na kinyago, amefungwa kwenye kiti, anaulizwa jina, naye anasema hajui. Nilisoma picha hiyo mara nyingi. Kisha nikarudi nyuma nikaona mtu yuleyule akiingia chumbani na kutoka amevaa kinyago, na nikaelewa mambo mawili kwa wakati mmoja, la fundi saa na la Hamisi, na sikuweza kuyatenganisha. Niliomba ruhusa nikatoka darasani. Mwalimu alidhani naumwa tumbo. Tangu hapo sijaacha kuvisoma vitabu hivi, na kila ninapokifungua kipya ninatafuta ukurasa kama ule, mtu anaulizwa na hasemi.

Nilirudi Ukunda nikiwa mtu mzima. Bi Mwanasiti alikuwa amefariki. Hamisi alikuwa na mke na kibanda cha madafu karibu na barabara ya ufukweni, akikata kwa mkono wa kushoto. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akanitazama, akanitambua. Nilikuwa nimejiandaa njia nzima. Nilimwambia kwamba naomba radhi kwa yale yote, na zaidi kwa kuondoka bila kumuaga, maana ninakumbuka vizuri nilivyojifungia chumbani asubuhi ile mpaka Mama aliponivuta.

"Bila kuniaga?" akasema. "Ulinishika shati pale stendi, Mwende, mpaka kondakta akakubandua kidole kimoja kimoja. Shati lilichanika."

Nilimwambia sivyo. Akasema ndivyo. Hakuwa akinifariji, nilimtazama sana machoni. Niliporudi nilimuuliza Mama nani kati yetu anakumbuka sawa. Mama alifikiri, akasema wote wawili tumekosea. Hamisi hakuwapo kabisa siku tuliyoondoka. Alfajiri hiyo Bi Mwanasiti alikuwa amempeleka hospitali Msambweni, akanyooshwe vidole.